Ini Langu na Soda za Mama

Mwaka ule nilichoka. Sisemi uchovu wa kubeba magunia, huo naujua tangu utoto wangu kule Pito. Nasema kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Majengo, hapa Sumbawanga mjini. Nakaa kwenye kiti kutwa nzima, na jioni kufunga mlango tu ilikuwa kazi. Chini ya mbavu, upande wa kulia, palikuwa pazito. Hapaumi, pazito tu. Nikapimwa, nikaambiwa taifodi, nikameza dawa. Nikarudi, nikaambiwa taifodi tena, na vidonda vya tumbo juu yake. Hapa kwetu ukichoka una taifodi, basi.

Mwishowe daktari mmoja, binti wa umri wa mwanangu, akanituma altrasaundi. Mpimaji akanipaka dawa ya baridi tumboni, akazungusha kile kidude chake, akaniuliza, "Mzee, pombe unatumia?" Nikasema situmii. Akazungusha tena. "Hata kidogo?" Nikasema hata kidogo. Daktari naye alipopokea majibu akauliza lile lile. Ndipo akaniambia ini langu limejaa mafuta.

Nilikasirika. Wao wanauliza tu, hawajui swali hilo kwangu ni zito kiasi gani. Baba yangu aliuawa na pombe. Alianza na ya ulezi kama kila mtu, akamalizia na gongo, tumbo likajaa maji, macho yakawa njano. Tulipoanua matanga mama aliniita chumbani, akaniapisha nisiiguse. Sijaigusa mpaka leo.

Lakini kwetu asiyekunywa haachwi mikono mitupu, itaonekana amenyimwa. Watu wakivuna, wakiozesha, hata wakizika, wenzangu wanazunguka chungu, na mimi naletewa soda. Nikimaliza naletewa nyingine, maana mwenye nyumba hataki nijisikie mnyonge. Mama ndiye alizidi. Uvunguni mwa kitanda chake alikuwa na kreti nzima, yangu peke yangu, hakuna mjukuu wa kuigusa. Nikifika anafungua chupa kwa mkono wake, anakaa kunitazama mpaka niimalize, kisha anainama kuleta ya pili. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nani akatae soda ya mama yake? Nami niliona raha. Nilijiona mtoto mwema, na kitambi changu nilikiona ni heshima ya mwenye duka.

Sumbawanga ni ndogo. Kabla sijaenda Pito kumweleza, wenzake wa jumuiya ya kanisani walishamwambia mwanawe ana ugonjwa wa ini. Nikafika, nikamsalimia shikamoo. Akaitikia bila kuniangalia. Siku hiyo hakuinama uvunguni.

"Umeanza lini?" akauliza.

"Mama, sinywi."

"Baba yako naye alikuwa hanywi."

Nikaapa. Akaniambia niache kuapa, kiapo changu anacho tayari. Niliendesha gari kurudi mjini machozi yananitoka, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu. Nikipiga simu hapokei. Ini sikulijali hata kidogo. Nilichotaka ni mama yangu aniamini kabla hajafa, kwa sababu kama haniamini, ile miaka yote ya kukaa pembeni na chupa yangu nilikaa bure.

Basi nikambembeleza twende wote kwa daktari, aambiwe na msomi. Akakubali kwa shingo upande.

Yule binti alimpa kiti, akamwamkia, akamweleza taratibu. Kwamba ini linaweza kujaa mafuta na mtu hajaonja pombe maisha yake yote. Kwamba wengi hawasikii chochote, wanakuja kujua wakipimwa kwa jambo jingine. Kwamba damu yangu wameipima, homa ya ini hakuna, ila sukari imeanza kupanda.

"Kipimo kimeonyesha hanywi?" mama akauliza.

"Hapana, bibi. Picha inaonyesha mafuta, haisemi yametoka wapi. Ndiyo maana tunamuuliza sana. Lakini ukiangalia kitambi, hiyo sukari, kukaa dukani, na soda anazokunywa, mimi namwamini."

Moyo wangu ukatulia. Daktari akaendelea: dawa maalumu hana ya kunipa, nipunguze mwili, nitembee kila siku, ugali upungue, soda niache kabisa. Tumewahi, akasema, nikifuata hayo ini linaweza kurudi vizuri.

Nje tukakaa kwenye benchi. Upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga, nikamfunika na koti langu. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, nakunywa soda dukani pia, nakula maandazi, nakula wali usiku halafu nalala. Hakunisikia. Akasema mume wake alinyweshwa na walevi wenzake mpaka akafa, lakini mimi nimelishwa sumu na yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa anacheka. "Bora ingekuwa pombe," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nilichoka, jamani. Kile nilichokitaka nilikuwa nimekipata, mama ananiamini, na kule kuniamini ndiko kulikuwa kunammaliza mbele ya macho yangu.

"Mama," nikasema, "daktari nimemdanganya. Nakunywa. Nikienda Kabwe kule ziwani kufuata wadeni wangu, nakunywa."

Akaniangalia sana. Kisha akashusha pumzi, akanipiga begani, si kwa nguvu.

"Nilijua," akasema.

Akakaza kitenge chake, akasimama, akasema ana njaa, nimpeleke akale. Alikula vizuri siku hiyo.

Sasa nimepungua, nguo zinanipwaya, asubuhi natembea mpaka jasho linitoke. Na kila nikienda Pito, kabla hatujagusa chakula, mama ananiwekea mkono kichwani na kuomba niache pombe. Naitikia amina.