Poro wa Taisto Asiyelala

Hebu mfikirie Taisto Ylitapio akiingiza lori lake kwenye uwanja wa mgahawa wa Sinikka, mchana wa Februari, theluji imetandaa pande zote kama haina kazi nyingine. Lori limejaa samaki kutoka pwani ya Norwei, safari ni Helsinki. Anashuka polepole, anapandisha suruali, anatembea kama mwenye barabara. Na barabara, wapenzi wangu, alidhani kweli ni yake. Lapi nzima, huko kaskazini mwa Ufini, walimjua kwa jina la Taisto Asiyelala. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe, akalirudia miaka mingi mpaka watu wakachoka kubisha.

Sheria ya huko haina mchezo. Kila lori lina kisanduku kinachoandika dereva ameendesha muda gani na amepumzika muda gani, na askari hukisoma kama padri anavyosoma Injili. Safari hii kisanduku kiliandika kwamba Taisto amepumzika vizuri mno. Kiliona lori limesimama kando ya ziwa, kikaridhika. Hakikuona kwamba dereva yuko katikati ya ziwa hilo, amekalia ndoo, ameinamia tundu alilotoboa kwenye barafu, anavua. Lori zima la samaki linamsubiri, naye anagandisha kope akitafuta mmoja zaidi. Alimpata, mrefu kama kidole cha shahada. Ndiyo mapumziko hayo.

Mezani kwa madereva walikuwapo Reima, mbeba magogo, na Pentti wa maziwa.

"Karibu, bwana macho," akasema Reima. "Leo umetumia dawa gani?"

"Dirisha wazi, na peremende nyeusi za chumvi. Usingizi ukikutana na hivyo viwili, unaomba kushuka njiani."

"Mimi hujizaba kibao," akasema Pentti. "Cha kushoto kikishindwa, naongeza cha kulia."

"Kumbe uso ndio umekuwa hivyo kwa vibao," akasema Reima. "Sisi tulidhani ni urithi."

Wakacheka kidogo, maana huko hata kicheko hutolewa kwa kipimo. Mara Sinikka akaingia na koleo la theluji mkononi.

"Taisto, bampa yako ina manyoya."

"Manyoya gani?"

"Ya poro. Na damu haijaganda bado."

Poro ni kulungu wa kufugwa. Anazurura msituni atakavyo, lakini ana mwenyewe, na alama ya mwenyewe imekatwa masikioni. Ukimgonga, unapiga simu papo hapo na kusema ni wapi, ili mwenyewe amfuate. Maana huenda bado yu hai, miguu imevunjika, anaganda taratibu.

Kwenye kona alikaa mzee Vilho, mfugaji, akinywa supu. Akaweka kijiko chini.

"Wapi?" akauliza.

Taisto akafungua kinywa. Alikumbuka kulipita kanisa la kijiji cha Muonio. Halafu alikumbuka bango la Sinikka. Katikati yake palikuwa peupe kabisa: hakuna kona, hakuna daraja, hakuna kishindo. Kipande kirefu cha barabara, na mtu alipitisha lori zima hapo, na kwa ushahidi wote mtu huyo alikuwa yeye.

Uongo ulimjia upesi, kama kawaida yake kuwahi. Angesema darajani, jina lake likabaki salama. Vilho angekwenda darajani, akakuta theluji safi, na mnyama angeendelea kuteseka kwingine. Akamtazama mzee. Alikwisha kuvaa kofia.

"Sijui," akasema Taisto.

"Hujui vipi? Umegonga mnyama mzito kuliko mimi, hujui wapi?"

"Nilikuwa nimelala, Vilho."

Vilho akafunga vifungo vya koti lake.

"Kuanzia wapi?"

"Kanisani Muonio nilikuwapo. Baada ya hapo simo."

"Basi panda gari langu. Utazame kushoto, mimi nitatazama kulia. Na hadithi zako uziache humu ndani."

Walimkuta poro jirani na kichaka cha mibetula, ile miti ya magome meupe, yu hai, pua inatoa mvuke mdogo. Vilho akammaliza kwa upole, akafuta kisu. Taisto alishika miguu ya nyuma, wakambeba. Waliporudi mgahawani, Taisto akamwambia bosi kwa simu kwamba samaki watachelewa kwa sababu dereva anakwenda kulala, na bosi alipoanza kufoka, akaizima. Akajifunika ndani ya lori, akalala kama gogo.

Mezani palikuwa na sherehe.

"Asiyelala kalala," akasema Pentti. "Nitamsimulia kila mtu hadi Oulu."

"Aibu gani hii," akasema Reima, akapiga mwayo uliokaribia kumng'oa taya. "Hewa ya humu ndani nzito tu."

Wakamalizia kahawa, wakafikicha macho, wakapanda malori yao na kuondoka, kila mmoja na njia yake. Sasa niambie wewe unayenisikiliza: ukiwa unaendesha barabara ile nyembamba yenye barafu, na taa za lori zinatokea mbele yako, ungependa usukani uwe mkononi mwa nani?