Mti wa Kuoshea Madirisha

Ndugu zangu, natangaza rasmi: kuanzia leo Mji Mkongwe una fundi wa kuosha madirisha asiyepanda ngazi. Pongezi ziandikwe hapa chini.

Nimefunga brashi na mpira wa maji kwenye mti mrefu ninaoushika nikiwa chini. Pampu ya kupulizia dawa shambani naibeba mgongoni.

Nikaanza na dirisha la juu la Bi Zuhura, mshona nguo.

Mlangoni kwake hufungua kaka yake, nami sina la kumwambia. Ila kila wiki, nikimaliza kioo, mimi na Bi Zuhura tulikuwa tukizungumza kidogo. Yeye ndani, mimi ngazini.

Leo kioo kiling'aa. Bi Zuhura akafungua dirisha.

"Mbona uko huko chini?"

"Sihitaji tena kupanda, Bi Zuhura."

"Hongera. Na mie nshakutilia kahawa."

Akakiweka kikombe dirishani. Kinafuka moshi, nakiona.

Huo mti nimeupata kwa kuikata ngazi.