Waya Juu ya Rangi Mpya

Kuna asubuhi moja pale Suneka ambayo naikumbuka kila ninaposikia harufu ya thina, mwanangu. Nakuita mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, ingawa sina mvi. Hofu ya siku ile ilinizeesha kidogo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikapata kazi katika kiwanda kidogo cha vanishi. Wiki hiyo tulitarajia wageni, kwa hiyo mapipa ya thina, ile ya kuzimulia vanishi, yalikuwa yamepakwa rangi, yanang'aa. Mama Kerubo alikuwa akijaza madebe ya chuma. Waya wenye vibanio uliunganisha pipa na debe, kama kawaida yetu.

"Aai! Debe limeniuma kidole," akasema, huku thina ikizidi kumiminika.

Wenzake wakacheka. "Ni hiyo sweta yako ya mtumba inayokupiga shoti!"

Mimi nilishindwa kucheka. "Huu waya unafanya nini hasa? Nani amewahi kuupima?"

"Profesa ameanza," Mama Kerubo akanitania.

Mzee Nyamweya, msimamizi wetu, alifunga koki ya pipa kwanza.

"Mama, rudi nyuma, usiguse kitu. Nawe kijana, swali ni zuri, lakini usiulize huku thina inatiririka. Piga kelele tufunge, halafu tuulizane."

Tulifungua milango mvuke utoke, ndipo akachunguza vibanio. Kile cha pipa kilikuwa kimeng'ata rangi mpya tu, chuma hakijaguswa. Thina inapopita hujikusanyia umeme, na waya ndio huusawazisha. Sisi tulikuwa tumeukatiza kwa brashi, maana rangi haipitishi umeme. Cheche iliyomuuma Mama Kerubo ingeweza kuwasha mvuke wote uliomzunguka. Mama Kerubo aliketi sakafuni akivishika vidole vyake.

Bado nauliza kila kitu, mwanangu, nawe uulize. Ila koki ifungwe kwanza. Debe lisikae juu ya plastiki, maana huzuia umeme kutoka. Kwangua rangi, kibanio king'ate chuma kitupu, cha pipa na cha debe, na pipa lenyewe liunganishwe na ardhi. Usijaze mpaka ukingoni. Na mwenzako akisema ameumwa kidole na debe, simamisha kazi, hata wakikucheka.

Mungu aitunze mikono yako, akufikishe kwenu jioni ukiwa mzima, na watoto wako wasiwe na la kulalamikia ila harufu ya thina kwenye shati.