Kibano Kisichorudi Sifuri

Mdogo wangu ni mkaguzi wa mizani. Mwaka wa kumi na moja huu anazunguka sokoni na kwenye maduka ya jumla na mkoba wake wa mawe ya mizani, anawaumbua wauza nyama na wauza mchele. Wafanyabiashara wamempa jina, Bi Mizani, na akikanyaga tu getini wanapigiana miluzi ya kuonyana. Hahongeki, hachekeshwi, hamwogopi mtu. Kabla hajaweka jiwe lolote, kwanza anaitazama mizani ikiwa tupu. Mshale usipokaa kwenye sifuri, hata kwa upana wa unywele, anatoa karatasi nyekundu, anaifunga kwa waya, na mizani hiyo haitumiki tena mpaka itengenezwe. Naanza na haya ili mjue uchungu wangu ni wa nini.

Maana mwanamke huyo huyo alipimwa chumbani kwake kila Jumamosi asubuhi, mwaka na mwezi mzima, kwa chombo ambacho hakuwahi kukitazama kikiwa tupu. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, lakini jamani!

Chombo chenyewe ni kibano cha plastiki chenye taya mbili na namba za milimita ubavuni. Mtu anakufinya ngozi kwa vidole, anaivuta pamoja na mafuta yaliyo chini yake, halafu anaibana kwa kile kibano na kusoma unene. Kwa mdogo wangu palipimwa mahali patatu: nyuma ya mkono, juu ya nyonga, na mbele ya paja. Namba tatu zinajumlishwa, jumla inatafutwa kwenye jedwali, na jedwali linakuambia mwili wako una mafuta asilimia ngapi. Mpimaji alikuwa mume wake.

Shemeji yangu huyo anauza bima. Alipopandishwa cheo akaanza kwenda ukumbi wa mazoezi, akarudi na kibano, alichokinunua kwa bei ya kutupa kwa mkufunzi mmoja wa pale, na akarudi na maneno. Mara ya kwanza nilikuwepo mezani kwao. Alifuta mdomo kwa leso, akamwambia mke wake, "Mwisho wa mwaka ujao uwe umefika ishirini na tano. Usipofika, kila mtu ashike njia yake."

Nikacheka. Nilidhani utani. Nikatazama huku na huku, nikakuta nacheka peke yangu.

"Na wewe, shemeji," nikamwambia, "tumbo hilo litapimwa lini?"

"Mwanaume hapimwi, shemeji."

Mkuki kwa nguruwe mtamu! Nilitaka kumjibu, mdogo wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Alimpenda yule mwanaume, siwezi kumsingizia. Alipenda nini, sijui mpaka leo. Miaka minane hawakupata mtoto, na hofu yake kubwa ilikuwa kurudi kwetu na sanduku, maana mama hakuitaka ndoa ile tangu mwanzo na alikuwa ameyasema wazi.

Basi akaanza kujinyima. Asubuhi chai kavu, mchana tunda, jioni maji. Akawa anaona kizunguzungu sokoni, anashika meza za watu. Muuza vitunguu mmoja akamwambia, "Bi Mizani, siku hizi ukipanda mwenyewe kwenye mizani mshale utasogea kweli?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka nao. Namba zikashuka kutoka thelathini na nne mpaka ishirini na nane, kisha zikawa kama zimegandishwa kwa gundi. Kila Jumamosi shemeji anasoma, anaandika jumla ya milimita na asilimia yake kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati, na anasema neno moja tu: "Bado."

Mwezi wa sita mama akahamia kwangu, moyo wake umechoka. Mama alipika jikoni kwenye shule ya bweni miaka thelathini na moja. Hakujua kukuambia anakupenda, alijua kukupakulia. Kila Jumapili, siku ya mdogo wangu kuja, mama alikuwa anaburutiwa kigoda mpaka jikoni kwangu, anakaa pale pumzi zikimkata, ananielekeza kama mtoto wa darasa la kwanza. "Punguza moto. Kitinda mimba wangu hapendi kilichoshikana." Sahani ya kitinda mimba alikuwa anaipakua kwa mkono wake mwenyewe, na mtu asijaribu kumsaidia.

Mdogo wangu anakuja, anapokea, anakisukumasukuma chakula pembeni mwa sahani, anarudisha.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshibia wapi?"

"Nimekula nyumbani."

Akishaondoka mwanawe, ananiuliza mimi: "Kile chakula kina kasoro gani? Chumvi? Onja, niambie ukweli." Mimi nilijua. Mdogo wangu alikuwa ameniapisha kwa Mungu nisimwambie mama habari ya kibano, kwa sababu mama angesema, "Sikukwambia?" Nikamjibu mama, "Ni kazi nyingi tu, amechoka." Jumapili iliyofuata mama akabadilisha mapishi. Na iliyofuata tena. Alijaribu kila alichokijua, na kila sahani ilirudi vile vile ilivyokwenda.

Mama alifariki mwezi wa tisa. Siku tuliyomzika, hasira zikanishinda, nikamwambia mdogo wangu mbele ya mashangazi, "Umemwacha mama afe na sahani mkononi, kwa ajili ya mwanaume!" Jumamosi iliyofuata akapimwa kama kawaida.

Hata mwezi wa kumi na moja ulipofika, alikuwa bado kwenye ishirini na nane, na mwisho wa mwaka unabisha hodi. Asubuhi moja akaingia kwa muuza nyama, akatazama mizani ikiwa tupu, mshale umekaa mbele ya sifuri. Akatoa karatasi nyekundu. Muuza nyama akaanza kulalamika: "Bi Mizani, gramu hizo chache? Zimemuumiza nani?"

Ananiambia waya ulimkatalia vidoleni. Aliwaza: kibano cha nyumbani, kikifungwa kitupu, kinasomaje?

Akaikatiza kazi ya siku ile, akarudi nyumbani mchana ule ule. Akafungua droo, akakifunga kibano kwenye hewa tupu. Nne. Akakifungua, akakifunga tena. Nne. Milimita nne kila mahali, mahali patatu, kumi na mbili kila Jumamosi. Akabandua ile karatasi mlangoni, akakaa sakafuni, akatoa kumi na mbili kwenye kila mstari na kutafuta upya kwenye jedwali. Ishirini na tano alikuwa ameivuka Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba.

Mwezi wa saba! Mama alikuwa hai, yuko kwenye kigoda.

Shemeji aliingia kubadilisha shati. Akamwonyesha. Yule mtu wala hakusogea kutazama.

"Ah, hicho? Kina kasoro kidogo. Aliyeniuzia aliniambia kiliwahi kuanguka."

"Ulijua?"

"Sasa ningekwambia umefika, si ungeanza kula?" Akafunga vifungo vyake kimoja kimoja. "Na mbona umependeza."

Mdogo wangu hakupiga kelele, hakuvunja kitu. Alifanya kazi yake. Alitoa karatasi nyekundu, akajaza tarehe, akajaza sababu kama sheria inavyotaka, "Hakirudi sifuri," akaifunga kwenye kibano kwa waya, akakiweka juu ya mto wa mumewe. Ningekuwa mimi ningemfunga mwenye kibano. Kisha akachukua lile sanduku alilokuwa akiliogopa miaka yote, akaja kwangu.

Aliitandaza karatasi mezani, Jumamosi ile ya mwezi wa saba imezungushiwa kalamu. Akanieleza yote kuanzia kwa muuza nyama mpaka kwenye mto. Yale maneno yangu ya msibani yalinirudi mdomoni yakiwa machungu kama shubiri. Nikaenda jikoni, nikapakua.

Alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. Tumbo limesinyaa, halipokei tena. Akanitazama usoni.

"Dada. Najua nilikuapisha. Lakini ulimwambia, eh? Mama alijua kwamba sikuwa nakidharau chakula chake?"

Kigoda kilikuwa bado pale karibu na jiko, sijawahi kukiondoa.

"Nilimwambia," nikasema. "Alijua."

Akashusha pumzi, akakishika kijiko tena, akala cha nne. Nilimdanganya. Asubuhi ile aliyofariki, mama alinishika mkono akaniuliza kama ile sahani ya Jumapili ilizidi chumvi, nami nikamwambia apumzike.