Sweta Jekundu Barazani

Harufu ya udi kwenye nguo iliyolowa hunirudisha Sumbawanga, kwenye baraza ya duka lililokuwa limefungwa.

Nilikuwa mtoto, nimevuka mpaka kutoka Mbala kuja kukaa kwa rafiki yake mama, mke wa mfanyabiashara wa mtaa wa Mazwi. Asubuhi ile jua lilikuwa linawaka, akanitoa kunionyesha mji. Hatujafika hata sokoni, mvua ikatushika, tukajibanza barazani na watu wengine. Radi ikapiga karibu, mabati yakatetemeka. Ndipo mzee aliyesimama kando yangu akaliona sweta langu.

"Mama, huyo mtoto amevaa nyekundu. Mtoe hapa."

Hata kwetu walisema nyekundu huita radi. Watu wakasogea, nikabaki peke yangu kwenye simenti iliyolowa. Nikajaribu kulivua lile sweta, shingo yake ikanasa masikioni.

"Niwie radhi, mzee wangu. Huyu ni mgeni wangu."

"Radi haijui mgeni."

Mama yule alinisogelea. Alifungua vifungo vya baibui lake, akanivuta ndani pamoja na sweta langu, akalifunga. Mle gizani mlinuka udi na jasho na sufu iliyolowa. Shavu langu lilikuwa kifuani pake. Radi ilipopiga tena, niliusikia moyo wake ukienda mbio kuliko wangu.

Kumbe naye aliamini. Mikono yake ikanikumbatia zaidi.