Vioo vya Mwalimu Kembabazi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya jivu mikononi mwangu. Nilikuwa msichana, sijatimiza hata mwaka hapa kambini Nakivale, Uganda, tangu tutoke Kivu ya Kusini, na tayari nilikuwa na kazi ya kuonewa wivu: kulinda vipande vinne vya kioo.

Vilikuwa vya Mwalimu Kembabazi wa Mbarara, mtafiti wa maji. Alivifunga kwa uzi, akavitumbukiza kwenye mfereji wa kisima chetu, pale maji yalipoacha ukoga mwekundu uliotuchafulia nguo. Sisi tuliuita kutu, basi. Yeye alisema humo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwa chuma cha majini na kujijengea madini. Vioo vingekaa miezi miwili, vijidudu vijenge juu yake, kisha vipelekwe ng'ambo kwenye hadubini ya eksirei. Eksirei ya hospitali huonyesha mfupa ndani ya mguu. Hadubini hiyo huonyesha chuma kimekaa wapi ndani ya kitu kidogo kuliko vumbi. Mwalimu alikuwa ameingoja zamu yake muda mrefu, na zamu ilikuwa moja tu.

Miezi miwili ilipotimia, asubuhi ya kumpelekea mwalimu, nikavitoa majini. Lo! Ukoga mtupu. Nawe unajua tulivyolelewa: mwanamke wa kwetu harudishi chombo cha mtu kikiwa kichafu, hata kama kilikuja kichafu. Nikachukua mchanga na jivu, nikasugua mpaka nikajiona uso. Nikavifunga kwa kitenge safi, nikapanda gari kwenda Mbarara, kichwa juu.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kamukuzi, mwalimu alifungua kitenge, akavigeuza vioo kimoja kimoja.

"Hakuna kitu ilimea?" akaniuliza.

Nilipomtazama usoni nikajua nimeharibu. Woga ukanijibia: "Hapana, mwalimu. Hakuna kitu kwa ile fasi, pale majini."

Aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma. Akachukua kalamu aandike kwamba maji yetu hayana kitu. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye ncha ya kalamu ile.

"Usiandike!" nikapiga kelele. "Ni mimi niliviosha. Uchafu ilikuwa mingi, nikasikia haya."

Alifumba macho, nikaona alivyoumia. Nikangoja kufukuzwa.

"Nyabo," akasema mwishowe, akiniita bibie kwa lugha ya kwao, "hiyo uchafu ndiyo mimi nilikuwa nangoja. Lakini kama wewe ulinyamaza, mimi ningedanganya watu wote wanasoma hii kazi."

Kisha akafungua uzi wa kila kioo, taratibu. Chini ya fundo moja, ambapo mchanga wangu haukufika, palibaki chembe nyekundu, ndogo kama punje ya sukari. Akaichukua kwa sindano, akaitia kichupani. Chembe hiyo ndiyo iliyosafiri.

Picha iliporudi, niliisogeza karibu na macho. Nyuzi za chuma zimesokotwa kama nywele za binti aliyesukwa kwa ajili ya kanisa, na aliyezisokota ni kiumbe asiye na mkono wala jicho. Na mimi nilikuwa nimemsugua kwa jivu! Nilimshangaa Mungu. Nilimshangaa na mwalimu pia, maana kila mgeni aliyeonyeshwa picha ile aliambiwa, "Huyu dada ndiye aliokoa kazi." La jivu hakulitaja hata siku moja. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Basi, mwanangu, kabla hujasafisha kitu cha mwenzio, muulize anakitakia nini. Kuuliza si ujinga. Usidharau kitu kidogo usichokielewa. Na ukiharibu, maana utaharibu, sema kabla kalamu haijagusa karatasi. Mficha uchi hazai.

Mungu akupe mwalimu mwenye subira na ulimi usiokawia kukiri. Na siku utakayokosea, akubakizie chembe chini ya fundo.