Bi Mwanawema Amlisha Kuku wa Marehemu

Mwandishi wa makala haya ni Haroub bin Ishak bin Nyange, mzaliwa wa Pujini. Mzee Nyange ndiye ambaye majirani waliokwenda Hija walimwachia mbuzi, vyombo na funguo za nyumba zao. Wakarejea, wakakuta mbuzi wamezaa na funguo zimeangikwa palepale. Mwanawe, Mzee Ishak, alisomesha chuo cha Kurani hadi macho yalipomwishia, na hapana mtoto aliyetoka mikononi mwake bila kujua maana ya neno amana. Kwa nasaba hiyo mwandishi anajiona ana haki, tena ana wajibu, wa kuandika habari ya kuku mmoja mgonjwa.

Jua limeshapanda juu ya minazi. Bi Mwanawema Bakar, mwenye umri wa miaka sitini na minne, ameketi barazani kwake hapa Pujini, kuku amempakata na kumfunika kwa kipande cha kanga. Kichwa tu ndicho kinachoonekana. Kilemba chake, kilichokuwa chekundu, kimepauka. Bi Mwanawema anachovya kidole katika uji wa mtama uliopoa, anamgusa nacho mdomoni, anangoja. Kuku hafumbui mdomo. Anachovya tena.

"Bismillahi, mama, bismillahi," anamnong'oneza. "Tone moja tu. Usiniaibishe."

Jirani yake, Bi Shamima, anapita na ndoo ya maji, anaitua chini apate kutazama vizuri.

"Yakhe, Mwanawema! Marehemu mumeo hakupata uji wa namna hiyo."

"Mume wangu alikuwa na mikono," anajibu bila kuinua macho.

"Mie nakwambia, muwahi kwa kisu. Akifa ni mzoga, hata mchuzi hupati."

"Mchuzi wa mali ya nani, Shamima?"

Bi Shamima anainama. Anaokota ndoo yake, anakwenda zake.

Kuku huyu, mwenye madoadoa ya kijivu, si wa Bi Mwanawema. Ni wa Ummkulthum, aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ambaye kabla ya mwezi wa Ramadhani alivuka kwenda Unguja kutibiwa uvimbe wa tumbo. Alifuatana na mtoto wake wa mwisho, Laila, mwenye miaka tisa. Nyumba aliifunga. Mfugo wake ulikuwa kuku huyo mmoja, naye wakati ule alikuwa anaatamia.

"Alikuja hapa keshavaa buibui lake la safari," anasimulia Bi Mwanawema. "Akasema, 'Shoga, kuku wangu yuko juu ya mayai, siwezi kumbeba. Nikirudi nimkute.' Nikamwambia, 'Utamkuta, inshallah.' Ndiyo maneno ya mwisho tuliyosemezana uso kwa uso."

Vifaranga walianguliwa, mwewe akawamaliza mmoja baada ya mmoja, na mama yao akabaki mfupa na manyoya. Ukimpapasa kifua, unagusa mfupa uliochongoka kama makali ya jembe. Afisa mifugo aliyepita kijijini alimtazama, akasema si kideri. Ni minyoo, pamoja na udhaifu wa kuatamia muda mrefu bila kula vya kutosha. Akatoa dawa, akaagiza kuku atengwe na kuku wa majirani, apewe maji safi na chakula laini.

Bi Mwanawema huishi kwa kusokota kamba za usumba. Makumbi ya nazi huyafukia katika matope ya mikoko hadi yalainike, huyafukua, huyaponda kwa rungu, kisha husokota nyuzi zake kwa viganja. Kazi ya wiki nzima humpatia shilingi elfu kumi na mbili hivi, pamoja na maumivu ya vidole.

Siku hizi baadhi ya makumbi hayafiki kwenye rungu. Huyatia maji, huyafunika kwa chungu kibovu nyuma ya jiko, na asubuhi akifunua hukuta mchwa wamejaa. Hao ndio akiba ya mgonjwa wake.

"Mchwa ndio nyama yake," anasema. "Siku nyingine hudonoa kidogo. Siku nyingine huwatazama tu, kama mtu aliyekinaishwa na dunia."

Ummkulthum hakurejea. Alifariki Unguja, akazikwa hukohuko. Simu ya msiba ilimkuta Bi Mwanawema matopeni, makumbi mikononi.

"Sikulia pale," anasema. "Nilirudi nyumbani, nikamkuta kuku kasimama mbele ya mlango wa mwenyewe, mlango umefungwa. Hapo ndipo nilipolia."

Baada ya matanga alimpigia simu Hafidh, mtoto mkubwa wa marehemu, fundi wa rangi huko Unguja, ambaye sasa ndiye anayemlea Laila. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Bibi, kuku huyo mchinje, ule. Sisi tumekusamehe."

"Sisi ni nani? Laila keshasamehe?"

"Laila mtoto, bibi. Ajua nini?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Mtoto hana kauli ya kusamehe mali yake, wala wewe huna ya kumsamehea."

Hakuishia hapo. Alikwenda kumuuliza shehe wa mtaani kwao. Shehe akamwambia kwamba akiona kuku anakata roho, na amchinje, kisha thamani yake aiweke kwa ajili ya warithi, wala hatakuwa na dhambi. Kisu amekinoa, amekichomeka kwenye makuti ya paa, mahali anapoweza kukifikia upesi.

"Hukumu nimeisikia na nimeikubali," anasema. "Lakini Ummkulthum sikumwahidi thamani. Nilimwambia, utamkuta."

Siku ile ya kuzungumza na Hafidh, kabla simu haijakatwa, Laila aliichukua kwa kaka yake.

"Bibi, kuku wa mama hajambo?"

"Nikamwambia, 'Yupo, mwanangu,'" anasimulia Bi Mwanawema. "Sikusema hajambo. Ningemdanganyaje mtoto wa Ummkulthum? Akaniambia, 'Mwambie nakuja kumwona.' Nami nimemwambia. Kila asubuhi namwambia."

Hadi leo mtoto hajaletwa. Mwandishi alipompigia simu Hafidh kumuuliza sababu, alijibu kwa adabu, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

"Mzee, akimwona kuku yule atamkumbuka mama. Ataanza kulia upya. Mie nataka asahau."

Bi Mwanawema aliposimuliwa jibu hilo alikiacha kidole ndani ya uji.

"Asahau?" akasema. "Mie mtu mzima, mbona sijasahau?"

Haombi makubwa. Anataka Laila afike, amkute kuku amesimama kwa miguu yake. "Nimtie mikononi mwake, nimwambie, 'Amana ya mama yako hii.' Akitaka kumchukua, amchukue. Akitaka nimfugie, nitamfuga. Basi, nitakuwa nimemaliza."

Anachovya kidole tena. Kuku anafumbua mdomo, anameza tone moja. La pili linamtoka, linamwagika juu ya kanga. Bi Mwanawema anampangusa, anamfunika vizuri zaidi, anatazama upande wa nyumba iliyofungwa.

Nanyi vijana mnaosoma haya, sikilizeni, kwani sitayasema kwa kubembeleza. Mmezoea kusema "kuku tu", na kesho mtasema "shamba tu", na keshokutwa "neno tu". Wazee wetu hawakutulea hivyo. Mtu akikuachia kitu chake akakugeuzia mgongo, amekiacha na heshima yake mikononi mwako, na kufa kwake hakukufungui. Shikeni hayo.

Na wewe Hafidh, mwana wa Ummkulthum, boti zipo. Mlete mdogo wako Pujini. Mwache alie mbele ya kuku wa mama yake, wakati kuku bado ana macho ya kumtazama.